Galaksi Zinapoungana: Uigaji wa Kompyuta na Asili ya Maumbo ya Galaksi

Galaksi kubwa zinazong'aa angani huangukia katika jamii mbili. Ya kwanza ni ya galaksi za diski, ikiwemo Njia Nyeupe lilimo Jua: ni bapa, huzunguka kwa utaratibu, nyingi zina mikono iliyopinda, na bado zinazaa nyota kutokana na gesi baridi. Ya pili ni ya galaksi duaradufu. Hizi hazina mikono, nyota zake nyingi ni kongwe na nyekundu, gesi yake baridi ni haba, na katika zile kubwa kabisa kila nyota hushika njia yake, hii ikienda huku na ile kule, bila mzunguko wa pamoja. Edwin Hubble aliziainisha hivyo mwaka 1926, na uainishaji wake unatumika hadi leo. Lakini ulieleza maumbo bila kueleza chanzo chake. Kwa nini maada ile ile, ikitii kanuni zile zile za fizikia, ijipange kwa namna mbili zilizo mbali hivyo?

Sehemu kubwa ya jibu imetoka kwenye kompyuta, na haingeweza kutoka kwingine. Galaksi mbili zikikaribiana, tukio lote tangu mpishano wa kwanza hadi kuwa kitu kimoja huchukua miaka bilioni moja au zaidi. Darubini huona kila jozi katika hatua moja tu ya safari hiyo, wala hakuna maabara inayoweza kurudia tukio. Uigaji wa kompyuta ndio uliowapa wanaastronomia uwezo wa kufanya majaribio: kuchukua galaksi mbili za kubuni, kuzirusha kwa mwendo na mwelekeo uliochaguliwa, kuona zinavyoishia, kisha kubadilisha jambo moja na kuanza upya.

Neno "kugongana" linahitaji ufafanuzi tangu mwanzo. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, yaani takriban mara milioni 30 ya kipenyo cha Jua lenyewe. Kwa hiyo nyota za galaksi mbili hupenyana bila kugusana; uwezekano wa nyota kuigonga nyota nyingine ni mdogo mno. Galaksi zenyewe, hata hivyo, hazijatawanyika hivyo. Njia Nyeupe ina kipenyo cha takriban miaka ya nuru 100,000, na jirani yake mkubwa, Andromeda, yuko umbali wa milioni 2.5, ambao ni mara 25 tu ya kipenyo hicho. Ndiyo maana galaksi hukutana mara kwa mara huku nyota zake zikiwa salama. Kinachogongana kweli ni mawingu ya gesi. Kinachoharibu umbo la diski ni mvutano, unaobadilika upesi na kuzitoa nyota katika njia zao.

Jaribio la kwanza la kuiga tukio hilo lilifanyika kabla ya kuwapo kompyuta ya kulihesabu. Mwaka 1941 Erik Holmberg, mwanaastronomia wa Lund nchini Sweden, alitumia ukweli kwamba nuru hupungua kwa mraba wa umbali, sawasawa na mvutano. Alipanga mezani balbu 74, 37 kwa kila galaksi, kila balbu ikisimama mahali pa fungu la nyota. Kwa seli ya kupimia mwanga alisoma nuru iliyofika kwenye kila balbu kutoka pande mbalimbali, na kipimo hicho kikawa ndicho kipimo cha mvutano. Kisha akazisogeza balbu kadiri hesabu ilivyoelekeza, akapima tena. Aliona mambo mawili ambayo yamethibitishwa na kazi zilizofuata: galaksi zinazopishana kwa karibu huumuka na kuchipua mikono, na mwendo wake hupungua kwa sababu nishati yake huingia katika misukosuko ya nyota za ndani, hata zikaweza kunasana. Kwa vifaa alivyokuwa navyo, hiyo ni mojawapo ya kazi bora kabisa za majaribio katika historia ya astronomia, na inasikitisha kwamba ilipita karibu miaka 20 kabla ya wengine kuiendeleza.

Wakati huo picha za ajabu zilikuwa zikirundikana. Fritz Zwicky alionyesha jozi za galaksi zilizounganishwa na nyuzi za nyota. Boris Vorontsov-Velyaminov alichapisha Moscow, mwaka 1959, atlasi ya galaksi zinazoathiriana. Mwaka 1966 Halton Arp alitoa atlasi yake ya galaksi zisizo za kawaida, yenye picha 338. Ndani yake mlikuwa na mikia mirefu, madaraja kati ya galaksi na galaksi, na maumbo yasiyokuwa na nafasi katika uainishaji wa Hubble. Wataalamu wengi hawakuamini kwamba mvutano peke yake ungeweza kuchora mkia mwembamba na mrefu kuliko galaksi yenyewe. Walidhani mvutano ungezaa uvimbe mpana tu. Wengine walitaja nguvu za sumaku, wengine milipuko.

Shaka hiyo iliondolewa mwaka 1972 na ndugu wawili waliozaliwa Estonia na kufanya kazi Marekani, Alar na Juri Toomre. Njia yao ilikuwa nyepesi kwa makusudi. Kila galaksi iliwakilishwa na nukta moja nzito katikati, na kuizunguka wakapanga pete za chembe zisizo na uzito, zinazofuata mvutano bila kuutoa. Wakairusha galaksi ya pili ipite karibu, wakatazama pete zinavyovurugika. Mikia ikatokea, na madaraja yakatokea. Kwa kuchagua njia na pembe ya kutazamia, waliweza kuiga jozi nne halisi: Arp 295, galaksi M51 na mwenzake mdogo, NGC 4676 inayojulikana kama Panya, na NGC 4038 na 4039 zinazoitwa Antena.

Nguvu inayofanya kazi hapo ndiyo ile ile inayoleta maji kujaa na kupwa pwani. Upande wa galaksi ulio karibu na galaksi mgeni inayopita huvutwa zaidi kuliko kitovu, na kitovu huvutwa zaidi kuliko upande wa mbali, hivyo galaksi hunyooshwa kwa pande mbili. Nyota za upande wa karibu zikivutwa huelekea kuwa daraja. Za upande wa mbali, zikiachwa nyuma, huwa mkia. Nguvu hii hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, ndiyo maana mpishano wa mbali hauachi alama na ule wa karibu huvuruga kila kitu kwa muda mfupi.

Jambo lililoonekana wazi zaidi katika kazi yao ni umuhimu wa mwelekeo. Ikiwa diski inazunguka kuelekea kule kule mgeni anakopita, nyota za ukingoni hufuatana naye kwa kitambo, na mvuto wake hujilimbikiza juu yake. Nyota hizo ndizo zinazorushwa mbali na kuwa mkia. Ikiwa diski inazunguka kinyume, mvuto huijia kila nyota kutoka upande huu kisha ule, na athari hujifuta. Galaksi mbili zenye masi sawa zaweza basi kutoka katika mpishano ule ule, moja ikiwa na mkia mrefu na nyingine ikiwa karibu kama ilivyokuwa. Mkia, kwa hiyo, ni ushahidi wa jinsi diski ilivyokuwa ikizunguka kabla ya tukio.

Chembe zisizo na uzito zilikuwa na kasoro moja: hazikuweza kuonyesha galaksi zikiungana. Nukta mbili nzito hupishana na kwenda zake milele. Alar Toomre alijua hivyo, na katika mkutano uliofanyika Yale mwaka 1977 alitoa hoja iliyozidi matokeo ya kompyuta yake. Alipanga galaksi 11 zilizovurugika kuwa mfululizo mmoja, tangu Antena, ambazo bado ni mbili, hadi NGC 7252, ambayo ni mwili mmoja wenye mikia miwili ikining'inia nje. Akahesabu: ikiwa miungano kama hiyo inaonekana leo, na ikiwa ilikuwa mingi zaidi zamani, basi idadi ya mabaki yake tangu mwanzo wa ulimwengu inakaribia idadi ya galaksi duaradufu zilizopo. Kwa maneno mengine, duaradufu ni mabaki ya diski zilizoungana. Dai hilo likawa kiini cha mjadala wa miaka 40 iliyofuata.

Ili kulipima, kompyuta ilibidi ibebe galaksi ambazo kila chembe yake ina uzito na inavuta nyingine zote. Hapo hesabu huwa nzito. Chembe zikiongezeka mara 10, jozi za kuhesabu huongezeka mara 100. Kwa chembe 100,000 ni jozi zipatazo bilioni 5 katika kila hatua, na hatua ni maelfu. Mwaka 1986 Joshua Barnes na Piet Hut, huko Princeton, walichapisha mbinu iliyofungua njia. Anga la uigaji hugawanywa katika vyumba, kila chumba chenye chembe nyingi hugawanywa tena, na hivyo hivyo mpaka kila chembe ipate chumba chake. Kwa kikundi kilicho mbali, kompyuta haihesabu chembe mojamoja bali hukichukua kama mwili mmoja. Kwa kilicho karibu huingia ndani zaidi. Kazi ikawa inaongezeka karibu sambamba na idadi ya chembe. Programu nyingi za leo bado zinasimama juu ya wazo hilo.

Kuna hila nyingine isiyoepukika. Chembe moja katika uigaji haisimamii nyota moja bali maelfu au mamilioni ya Jua. Chembe mbili kama hizo zikikaribiana mno, zingerushana kwa nguvu ambayo nyota halisi hazina. Kwa hiyo mvutano hulainishwa kwa makusudi katika umbali mdogo. Gharama yake ni kwamba kitu chochote kidogo kuliko umbali huo hakiaminiki.

Barnes alipoiga mwaka 1988 galaksi zenye kitovu, diski na wingu kubwa la maada giza, yaani maada isiyoonekana ila kwa mvutano wake, ilibainika kwamba wingu hilo ndilo linaloamua kasi ya muungano. Galaksi inayopita ndani ya wingu la mwenzake huvuta maada nyuma yake, na maada hiyo huivuta irudi. Subrahmanyan Chandrasekhar alikuwa amekwisha kuieleza hesabu ya ukinzani huo mwaka 1943. Mwendo wa obiti huhamia katika maada giza, na galaksi, baada ya kupishana mara moja au mbili, huangukiana. Bila maada giza, nyingi ya zile tunazoziona zimenasana zingekuwa zimeachana.

Zinapoangukiana, mvutano wa jumla hubadilika kwa ghafla kiasi kwamba nishati ya kila nyota hubadilika pia, nyingine ikipanda na nyingine ikishuka. Donald Lynden-Bell alikuwa ameieleza hali hiyo mwaka 1967. Matokeo yake ni kwamba nyota huchanganyika na kusahau sehemu ya mpangilio wao wa zamani, na mwanga wa mabaki hupungua kutoka kitovuni kwenda nje kwa kanuni ile ile ambayo Gérard de Vaucouleurs aliipata kwa galaksi duaradufu mwaka 1948. François Schweizer alipoipima NGC 7252 mwaka 1982, aliona mwanga wake ukifuata kanuni hiyo, ijapokuwa mikia bado imo. Lakini nyota hazisahau kila kitu: zilizokuwa karibu na kitovu huelekea kubaki karibu nacho. Kumbukumbu hiyo nusu ndiyo inayowezesha galaksi ya leo kusomwa kama kumbukumbu ya zilizoizaa.

Wapinzani walikuwa na hoja nzito. Vitovu vya galaksi duaradufu vimesongamana zaidi sana kuliko diski. Na nyota zisizogusana, kwa kanuni za mwendo, haziwezi kusongamana zaidi kuliko zilivyokuwa. Tena, galaksi duaradufu zina makundi mengi ya nyota yenye umbo la tufe kwa kila kiasi cha mwanga wake, mengi kuliko galaksi za mikono. Ukiunganisha diski mbili zenye makundi machache, mengine yatatoka wapi?

Jibu la hoja zote mbili lilikuwa gesi. Gesi, tofauti na nyota, hugongana, hupata joto, hung'aa na kupoteza nishati. Ili kuiiga, wengi walitumia mbinu iliyobuniwa mwaka 1977 na Leon Lucy, na pia na Robert Gingold na Joseph Monaghan, ambamo gesi huwakilishwa na chembe zinazosukumana kwa shinikizo. Lars Hernquist mwaka 1989, kisha Barnes na Hernquist miaka ya 1990, walionyesha kinachotokea. Mpishano huifanya diski iunde mhimili wa nyota unaopita kitovuni. Mhimili wa gesi hutangulia kidogo ule wa nyota, na nyota huvuta gesi nyuma, zikiinyang'anya momenta ya mzunguko. Gesi isiyo na mzunguko haina la kufanya ila kuanguka. Sehemu kubwa ya gesi ya galaksi nzima hujikuta katika eneo dogo la kitovu, ikageuka nyota kwa pupa. Msongamano uliokosekana ukapatikana hapo.

Chris Mihos na Hernquist waliongeza jambo moja mwaka 1996. Galaksi yenye kitovu kilichovimba haiundi mhimili upesi, kwa hiyo gesi yake husubiri mpaka muungano wa mwisho ndipo ilipuke kwa uzazi mmoja mkubwa. Isiyo na kitovu hicho humaliza gesi mapema, tangu mpishano wa kwanza. Mpishano ni ule ule. Tofauti imo ndani ya galaksi yenyewe. Hili hustahili kukumbukwa kila mara mtu anapotaka kutabiri mwisho wa muungano kwa kutazama njia za obiti peke yake.

Ushahidi wa angani ulikwenda sambamba. Satelaiti ya IRAS, iliyorushwa mwaka 1983, iligundua galaksi zinazotoa nishati ya infraredi kama Jua trilioni moja, na picha zilionyesha kwamba karibu zote ni galaksi zinazoungana, Arp 220 ikiwa mfano maarufu. Kuhusu makundi ya nyota, darubini ya anga-nje ya Hubble katika miaka ya 1990 iliyaona mamia ya makundi machanga, mazito na yaliyosongamana ndani ya Antena na NGC 7252. Muungano, basi, hauchanganyi tu makundi ya zamani, huzaa mapya.

Swali lililobaki lilikuwa la rangi. Galaksi duaradufu ni nyekundu na zimeacha kuzaa nyota, lakini mabaki katika uigaji yaliendelea kuzaa polepole kwa kutumia gesi iliyobaki. Mwaka 2005 Tiziana Di Matteo, Volker Springel na Hernquist waliweka shimo jeusi katika kitovu cha kila galaksi. Gesi inayoanguka hulilisha shimo, shimo hutoa nishati, na sehemu ndogo ya nishati hiyo ikiachwa ipashe moto gesi iliyo jirani, hatimaye gesi hufukuzwa. Mabaki huzimika na kuwa mekundu, na masi ya shimo huishia kuoana na mwendo wa nyota za kitovu, uhusiano uliokuwa umepimwa katika galaksi halisi mwaka 2000. Matokeo hayo yalivutia sana, labda kupita kiasi. Shimo jeusi ni dogo mno kuonekana katika uigaji wa galaksi nzima. Kiasi cha nishati kinachoingia kwenye gesi kiliwekwa kwa mkono ili matokeo yakubaliane na vipimo. Huko ni kuonyesha kwamba maelezo yanawezekana, si kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyo.

Kadiri majaribio yalivyoongezeka, kanuni ya kwamba "diski mbili huzaa duaradufu moja" ilianza kupasuka. Thorsten Naab na Andreas Burkert mwaka 2003 waliunganisha jozi nyingi za diski kwa uwiano tofauti wa masi. Galaksi zilizo sawa mara nyingi zilitoa mabaki yenye mzunguko mdogo, ambayo mistari yake ya mwanga sawa hukaribia umbo la sanduku. Moja ikiwa nzito mara tatu au nne ya mwenzake, mabaki yalizunguka kwa kasi na kubaki na dalili za diski. Tofauti hiyo ipo angani. Mradi wa ATLAS3D ulipopima mwendo wa nyota katika galaksi 260 zisizo na mikono, ni 36 tu zilizozunguka polepole. Nyingine zote, 224, zilikuwa na mzunguko ulio wazi. Nyingi ya zile ambazo jicho huziita duaradufu ni jamaa wa karibu zaidi wa diski kuliko Hubble alivyodhani.

Springel na Hernquist walikwenda mbali zaidi mwaka 2005: waliunganisha diski mbili zilizojaa gesi, na mabaki yakawa diski. Nyota za zamani zilivurugwa, ndiyo, lakini gesi ambayo haikupoteza mzunguko wake ilitulia upya, ikazaa nyota katika bapa jipya. Mwaka 2014 darubini ya ALMA iliyoko Chile ilipotazama gesi ya mabaki ya miungano, ilikuta diski zinazozunguka katika mengi yake. Hapa ndipo hukumu ya mwandishi yeyote anayeipitia historia hii inapopaswa kuegemea: gesi ndiyo inayoamua zaidi. Uwiano wa masi, pembe na mwelekeo wa mzunguko huchora sura ya tukio, lakini swali kama patabaki diski au duaradufu hujibiwa kwanza na kiasi cha gesi kilichokuwepo na jinsi kilivyotumika.

Miungano midogo ina sura zake. Galaksi ndogo ikiipiga diski kubwa karibu na kitovu, ikipita wima, diski hujikunja kuelekea ndani kisha hurudi nje, na mawimbi ya duara husafiri kutoka kitovuni; Roger Lynds na Alar Toomre waliiga hali hiyo mwaka 1976. Galaksi ya Gurudumu, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 500, ndiyo mfano wake mzuri kuliko wote. Ikiwa ndogo itaanguka moja kwa moja ndani ya duaradufu, nyota zake huyumba huku na huku kupitia kitovu, na hukusanyika pale zinapogeukia, mahali ambapo mwendo wake ni mdogo. Hivyo huundwa matao hafifu, tao nje ya tao, ambayo David Malin na David Carter waliyafichua kwenye sahani za picha mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambayo Peter Quinn aliyaeleza kwa uigaji mwaka 1984.

Majaribio yote hayo yalikuwa na upungufu mmoja wa pamoja: galaksi mbili zilichaguliwa na mtafiti, zikaungana katika anga tupu. Galaksi halisi hukua ndani ya mtandao wa maada giza, hupokea gesi mpya, na hukutana na wenzake wengi kwa mfululizo. Mwaka 2005 uigaji uitwao Millennium ulifuatilia chembe zaidi ya bilioni 10 za maada giza na kutoa orodha ya ukoo wa galaksi: ipi iliungana na ipi, lini, kwa uwiano gani. Illustris mwaka 2014, EAGLE mwaka 2015 na IllustrisTNG mwaka 2018 ziliingiza gesi, nyota na mashimo meusi katika kipande cha ulimwengu chenye upana wa mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru, na maelfu ya galaksi zikajiunda zenyewe ndani yake, za diski na duaradufu pamoja.

Mafunzo yake hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Katika Illustris, historia ya miungano hutawala umbo la galaksi zilizo kubwa kabisa, lakini kwa zile za kati haitoshi kueleza nani atakuwa diski na nani hatakuwa. Pia ilionekana kwamba galaksi duaradufu kubwa hazikupatikana kwa muungano mmoja mkubwa. Miaka bilioni 10 iliyopita zilikuwa tayari nzito, lakini ndogo kwa kipenyo mara kadhaa kuliko za leo. Zilizaliwa kutokana na gesi iliyoporomoka mapema, kisha zikavimba kwa kumeza galaksi ndogo ndogo, ambazo nyota zake hubaki pembeni. Hesabu ya Naab, Peter Johansson na Jeremiah Ostriker mwaka 2009 ilionyesha kwa nini: masi ikiongezeka maradufu kwa muungano wa wawili walio sawa, ukubwa nao huongezeka maradufu; lakini ikiongezeka maradufu kwa galaksi ndogo nyingi, ukubwa huweza kuongezeka karibu mara nne.

Uigaji mkubwa huu haukuondoa haja ya ule mdogo. Chembe ya gesi katika TNG100, mojawapo ya uigaji wa IllustrisTNG, ina masi ya Jua zaidi ya milioni moja, kwa hiyo wingu linalozaa nyota halionekani. Kuzaliwa kwa nyota na milipuko yake huingizwa kwa kanuni fupi zilizopimwa dhidi ya galaksi halisi. Programu mbili zenye kanuni tofauti zaweza kutoa idadi sawa ya galaksi huku zikipingana kuhusu gesi iliyo nje yake. Hata jozi moja inayojulikana vizuri huleta ubishi. Antena zimeigwa tangu 1972, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba zimepishana mara moja tu. Mwaka 2010 Simon Karl na wenzake walionyesha kwamba nyota nyingi changa zilizo pale galaksi zinapokutana hueleweka vyema ikiwa mpishano wa pili umetokea hivi karibuni. Mikia ilikubali maelezo yote mawili. Umbo peke yake, bila mwendo wa gesi na umri wa nyota, halifungi kesi.

Njia Nyeupe yenyewe imekuwa sehemu ya uchunguzi huu. Mwaka 2018 vipimo vya satelaiti ya Gaia viliwawezesha Amina Helmi, na kwa upande mwingine Vasily Belokurov, pamoja na wenzao, kutambua nyota nyingi zilizoletwa na galaksi moja iliyomezwa yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Helmi alilinganisha mwendo wa nyota hizo na uigaji uliochapishwa miaka 10 kabla yake, na ukafanana. Muungano huo uliinua nyota za diski ya wakati ule zikawa tabaka nene, lakini diski haikuvunjika. Gesi iliyofuata iliijenga upya.

Kuhusu wakati ujao, mwaka 2012 Roeland van der Marel na wenzake walitumia vipimo vya darubini ya Hubble kuhitimisha kwamba Andromeda, inayokaribia kwa takriban kilomita 110 kwa sekunde, itaigonga Njia Nyeupe baada ya miaka bilioni 4 hivi, na kwamba zitakuwa galaksi moja duaradufu miaka bilioni 2 baadaye. Mwaka 2025 Till Sawala na wenzake walirudia kazi hiyo kwa maelfu ya njia zinazowezekana ndani ya makosa ya vipimo, wakihesabu pia mvuto wa galaksi M33 na wa Wingu Kubwa la Magellan, lile linaloonekana kwa macho upande wa kusini kutoka Tanzania usiku usio na mbalamwezi. M33 huongeza uwezekano wa kugongana. Wingu la Magellan huupunguza. Jumla yake ni karibu nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Kilicho karibu na hakika ni kwamba Wingu hilo lenyewe litaangukia ndani ya Njia Nyeupe mapema zaidi, katika muda wa miaka bilioni 2 hivi, likileta gesi yake. Andromeda ikikosa, diski ya Njia Nyeupe itaupita muungano huo mdogo ikiwa imenenepa na bado ni diski. Ikifika baada ya gesi ya pande zote mbili kupungua, hakutakuwa na cha kuijenga upya, na mabaki yatakuwa duaradufu.